Feza ya Injini

Wanaonunua fromaji, yaani jibini, kwenye soko kuu la Bunia wanamjua Agathe, hata wale wasiojua jina lake. Ni yule mama mwembamba anayekaa upande wa wauza chumvi, mwenye meza yenye kitambaa cheupe, ambaye hakuuzii kabla hujaonja. Anakukatia kipande chembamba, anakutazama usoni unapotafuna, na akiona umesitasita anakuambia mwenyewe uende ukanunue kwa mwingine.

Wengi wanamwita Mama Clarisse, kwa jina la binti yake wa kwanza. Kazi hiyo alijifunza kwa mume wake, Jérôme, huko Fataki, wakati ng'ombe walikuwa bado wengi na maziwa yalikuwa yanafika mlangoni kwa bidoni za lita ishirini asubuhi na jioni. Jérôme alikufa kwa ugonjwa mwaka wa 2016. Miaka miwili baadaye vita vikafika Fataki. Agathe akatoka kule na watoto wake wawili, Clarisse wa miaka kumi na miwili na Bernadette wa miaka minne, bila kubeba hata sufuria.

Aliyewatoa ni Aimé. Alikuwa kijana mwenye pikipiki, aliyebeba wasafiri kati ya Fataki na Bunia, na Agathe alimjua kidogo tu kwa sababu mara nyingine alimletea chumvi. Asubuhi ile watu walikuwa wanakimbia kwa miguu, na wenye pikipiki wengine walikuwa wanadai dola hamsini kwa kila kichwa. Aimé alisimama mbele ya nyumba, akamweka Bernadette juu ya tangi, Agathe na Clarisse nyuma, wakaondoka. Kabla ya kufika Iga Barrière gurudumu la nyuma likapasuka. Aimé akasukuma pikipiki saa nzima na mtoto akiwa juu yake, jua likiwaka, mpaka walipompata mtu wa kuliziba. Walipofika Bunia, Agathe akamuuliza anamdai kiasi gani. Aimé akajibu kwamba hamdai kitu, akageuza pikipiki kwenda kuchukua wengine.

Agathe hakuisahau siku ile. Katika sala zake za asubuhi jina la Aimé lilikuwa linatajwa mara baada ya majina ya watoto.

Alipanga nyumba katika kartiye ya Ngezi, mtaa mmoja wa Bunia. Mvua ikinyesha bati zilivuja, lakini nyuma kulikuwa na chumba kidogo cha matofali ya udongo, kisichopigwa na jua, chenye baridi mchana kutwa. Fromaji inapenda chumba cha namna ile. Mwanzoni Agathe alifulia watu nguo. Baadaye akaazima sufuria, akatafuta wafugaji waliokimbilia nje ya mji na ng'ombe wachache waliobaki, akaanza kununua maziwa lita kumi, lita ishirini. Baada ya miaka mitatu alikuwa na meza yake sokoni.

Aimé naye alihamia Bunia, akaendelea kubeba watu kwa pikipiki. Siku ya Mungu, yaani Jumapili, alikuwa anapita Ngezi kula pamoja nao, na watoto walimwita tonton, mjomba. Halafu mwanzoni mwa mwaka wa 2022 injini ya pikipiki yake ikafa. Alikuja asubuhi moja ya Jumamosi, akakaa kwenye kiti bila kugusa chai, akasema kwamba kuna injini iliyotumika inauzwa dola mia tatu, na kwamba hana pa kwenda. Aliomba amkopeshe, akaahidi kurudisha kabla ya Pasaka.

Juma lile Agathe alikuwa amepokea zamu yake ya likelemba, ile feza ambayo wanawake kumi na wawili wa soko wanachanga na kupeana mmoja baada ya mwingine. Akaichukua, akamwekea Aimé mkononi. Hakukuwa na karatasi. Clarisse alikuwa kwenye masomo ya Jumamosi, Bernadette anacheza kwa jirani, hakuna aliyeona. Agathe aliniambia kwamba wazo la karatasi lilimpitia kichwani na akalifukuza, kwa sababu aliona aibu kumwomba mtu aliyembeba na watoto wake aandike kitu.

Pasaka ikapita, na nyingine ikapita. Mwanzoni Aimé alikuwa anaomba avumiliwe kidogo. Kisha akaacha kuja kula siku ya Mungu. Kisha Agathe akagundua kwamba akimwona kwa mbali barabarani anakata kona. Hakumfuata. Alijiambia kwamba akipata atarudisha.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 mwenye nyumba aliuza parseli yake, kiwanja na nyumba pamoja, na Agathe akapewa miezi minne kuondoka. Alizunguka Ngezi yote kutafuta nyumba yenye chumba cha baridi, akapata moja avenyu tatu mbele, yenye chumba cha nyuma cha mawe kilicho bora kuliko kile cha kwanza. Mwenye nyumba, mjane mzee anayeitwa Musoki, alitaka dola hamsini kwa mwezi, na garanti ya miezi sita kabla ya kutoa ufunguo. Hiyo ni dola mia tatu. Agathe akaona kwamba sasa lazima aende kwa Aimé.

Alimkuta kwenye maegesho ya pikipiki, kati ya wenzake. Alimwomba wasogee pembeni kidogo. Aimé hakusogea.

"Mama Clarisse," alisema, "ile feza ulinipa ilikuwa ya aksanti. Nilikubebaka weye na watoto, sikukuombaka kitu. Weye mwenyewe ukanishukuru. Sasa unataka aksanti irudi?"

Wenzake wakacheka. Agathe akageuka, akaenda nyumbani. Siku ile maziwa yaliharibika, kwa sababu aliyasahau juu ya makaa.

Kilichomuuma si feza tu. Safari ile ya Fataki aliiweka moyoni kama kitu kisichouzwa, na sasa mwenye kuitoa alikuwa ameipa bei mbele ya watu. Mbaya zaidi, alianza kujiuliza kama Aimé hana haki. Huenda mtu aliyeokolewa hapaswi kudai. Kwa juma zima aliwaza kuacha.

Aliyemtoa katika mawazo hayo ni jirani yake Gentille, mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Gety, ambaye naye alifika Bunia kwa kukimbia. Gentille alimsikiliza huku akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Agathe alipomaliza, Gentille aliuliza swali moja tu: siku ile Aimé alipokuja, alitumia neno gani? Agathe akajibu kwamba alisema, unikopeshe.

"Basi ni deni," Gentille akasema. "Aksanti iko kitu ingine. Ile utamupa siku utapenda weye mwenyewe, hakuna mutu atakuomba."

Walianza kwa chefu wa kartiye, mkuu wa mtaa. Aliwaita Agathe na mdaiwa wake, Aimé akarudia maneno yale yale, na chefu akasema hana mzani wa kupima neno la mmoja dhidi ya neno la mwenzake. Akawaandikia karatasi kwamba hawakupatana, akamshauri Agathe aende kwenye tribinali ya amani, ile inayosikiliza kesi ndogo za watu.

Agathe aliogopa. Kwa mawazo yake tribinali ilikuwa mahali pa wauaji na pa watu wenye avoka, wakili wa kuwasemea. Na tangu jimbo liwekwe chini ya wanajeshi, sokoni watu walikuwa wanasema kwamba hakuna tena juji wa raia, mahakimu wote ni askari. Alipofika kule asubuhi, akiwa amevaa kitenge chake cha misa, alipokewa na karani mmoja anayeitwa Serge, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Serge alimwambia akae. Alimweleza kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa, kwamba makosa ya jinai ndiyo yaliyokwenda kwa wanajeshi, lakini kesi ya deni imebaki pale pale. Alimweleza kwamba hahitaji avoka, anaweza kujisemea mwenyewe. Alimtajia ada ya kufungua kesi, na alipoilipa akampa risiti. Agathe alipoonyesha kwamba hakuelewa, Serge alianza tena tangu mwanzo bila kukunja uso.

Watu walikuwa wamemtisha Agathe kwamba pale hakuna karatasi inayotembea bure. Kwa hiyo alikuwa amefunga feza nyingine kwenye pindo la kitenge. Alipoanza kufungua fundo, Serge alitazama mkono wake.

"Rudisha, mama," alisema. "Ukitaka kununua kitu, soko iko kule."

Agathe anasema kwamba ni pale woga ulipomtoka. Alikuwa bado hajui kama atashinda, lakini alijua kwamba atasikilizwa.

Gentille akamwandikia ombi kwa Kifaransa safi cha mwalimu, ukurasa mmoja. Mjumbe wa tribinali akampelekea Aimé mwito. Siku ya kwanza Aimé hakutokea, kesi ikasogezwa majuma mawili. Agathe akaenda kwa mama Musoki kuomba asubiriwe, na Musoki, ambaye alikuwa na watu wengine wawili wanaotaka nyumba ile, akakubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi.

Katika majuma yale Serge alimuuliza ana ushahidi gani. Hakuwa nao. Serge akamweleza kwamba kwa mtu asiye na karatasi wala shahidi sheria imeacha mlango mmoja: anaweza kuomba mwenzake aape mbele ya juji. Mwenzake akikataa kuapa, ameshindwa. Lakini akiapa, kesi imekwisha pale pale, na hata karatasi ikipatikana kesho haitasaidia. Alimwambia aende akafikiri, kwa sababu hilo hakuna anayeweza kumchagulia.

Gentille alipinga. Aliuliza, mtu aliyemkana mbele ya wenzake kwenye maegesho, atashindwa nini kumkana mara ya pili na mkono ukiwa juu? Ni afadhali kutafuta hata mtu aliyemuuzia injini. Walimtafuta, alikuwa ameshahamia Mahagi, na hakuna aliyejua namba yake. Gentille akasema basi waombe tena muda. Agathe akasema hapana.

"Mi namujua Aimé," alisema. "Aliharibika mudomo. Moyo sijui kama iliharibika."

Siku ya kesi chumba kilikuwa kidogo, na madawati yake yalikuwa kama ya shule. Juji alikuwa mwanamke bado kijana, mwenye sauti ya chini. Aimé alikuja safari hii, pamoja na kaka yake mkubwa, Floribert, mjenzi wa nyumba. Juji akamwambia Agathe aseme.

Agathe akaanza na Fataki. Alieleza asubuhi ile, bei ambayo wengine walikuwa wanadai, Bernadette juu ya tangi, gurudumu lililopasuka, Aimé akisukuma kwenye jua. Alieleza yote, bila kupunguza. Juji akamkatiza kwa upole, akamuuliza kama anaelewa kwamba maneno hayo yanaweza kumsaidia mwenzake.

"Naelewa, mama juji. Lakini iko kweli. Nikisema ya deni na nikificha hii, nitakuwa nimesema nusu."

Aimé alikuwa anatazama sakafu. Kisha Agathe akasimulia Jumamosi ile ya injini, na neno ambalo Aimé alitumia. Zamu ya Aimé ilipofika alisema kwa ufupi kwamba feza alipewa, hakatai, ila ilikuwa ya shukrani. Juji akamuuliza Agathe kuhusu karatasi, kuhusu mashahidi. Agathe akajibu kwamba hana. Akasema anaomba Aimé aape.

Juji aliweka kalamu chini. Aliyarudia maelezo yale yale aliyotoa Serge, neno kwa neno, akamuuliza mara mbili kama anaelewa. Alipojibu ndiyo mara ya pili, karani akaandika, na Aimé akaitwa mbele. Alitakiwa ainue mkono wa kuume na kuapa kwamba zile dola mia tatu alipewa kama zawadi, na si kwa kukopa.

Aimé akainua mkono. Agathe aliona mafuta meusi ya injini kwenye kucha zake. Mkono ulifika usawa wa sikio, ukakaa hapo. Hakuna aliyemharakisha. Nje pikipiki ilipita, ikapotea. Kisha mkono ukashuka.

"Mama juji, sitaapa," alisema. "Nilimuomba anikopeshe."

Yaliyobaki yalitoka polepole. Injini aliinunua kweli, na pikipiki ikatembea, lakini mwaka uliofuata watu wenye silaha walimsimamisha njiani wakaichukua. Tangu hapo alikuwa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni alikuwa lazima ampelekee mwenye pikipiki kiasi walichopatana, hata siku asiyopata abiria. Hakumwambia Agathe, kwa sababu alijua kwamba atamhurumia, na alikuwa hataki huruma. Siku ile kwenye maegesho alishtuka, na lile neno la aksanti likamtoka mbele ya wenzake.

"Kisha ile neno ikanishika," alisema. "Sikujua namna ya kuiachilia."

Juji akamuuliza Agathe kama atakubali kulipwa kidogo kidogo. Floribert akasimama, akaomba ruhusa, akasema kwamba yeye hakujua lolote la deni hili mpaka siku mwito ulipofika, na kwamba atatoa dola mia moja kabla ya mwisho wa juma. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa: mia moja juma lile, na mia mbili kwa miezi kumi, ishirini kila mwezi, zilipwe mbele ya karani. Gharama za kesi ziliwekwa juu ya Aimé.

Uani, Aimé alimwendea Agathe. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alisema angeweza kumbebea maziwa kutoka kwa wafugaji mara mbili kwa juma, na kazi ile ihesabiwe ndani ya deni. Agathe alikataa. Deni litalipwa kwa feza, kama ilivyoandikwa. Lakini kama anataka kubeba maziwa, atalipwa kila safari, sawa na anayebeba sasa. Aimé akafikiri, akakubali. Clarisse, ambaye alikuwa amemsindikiza mama yake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwita tena tonton, nusu kwa kusahau.

Mama Musoki alipewa zile mia moja za Floribert. Alizihesabu, akamtazama Agathe, akasema kwamba mtu aliyengoja miaka miwili bila kelele anaweza kuaminiwa miezi michache, na akatoa ufunguo. Agathe alihamisha fromaji zake siku moja, zikiwa zimefungwa kwenye vitambaa vyenye maji, Gentille akibeba kapu moja na Bernadette jingine.

Aimé alilipa. Mwezi wa saba alikosa, Agathe akarudi kutoka kwa karani mikono mitupu. Mwezi wa nane Aimé akaja na arobaini. Mwezi wa pili wa mwaka wa 2025 ilibaki kidogo, na mwezi uliofuata faili ikafungwa, Serge akapiga muhuri kwenye karatasi ya mwisho. Siku ile Agathe alimletea fromaji nzima ya kilo mbili. Serge akamwambia kwamba hawezi kuipokea. Jumamosi alikuja sokoni na mke wake, akanunua kilo moja kwa bei ya kila mtu, akakataa hata nyongeza.

Nilimuuliza Agathe siku moja kama hana kinyongo. Alikuwa anageuza fromaji juu ya ubao, kila moja na chumvi yake, na hakuinua kichwa. Alisema kinyongo alikuwa nacho, na kingali pale kidogo, upande wa yale maegesho na kile kicheko. Lakini akijaribu kukaa juu yake, anaukumbuka ule mkono. Aimé angeweza kuapa. Hakuna mtu chini ya jua angejua, isipokuwa wao wawili. Angetoka pale na dola mia tatu na jina lake safi, na hakufanya hivyo. Kwa Agathe hicho ni kitu kikubwa sawa na safari ya Fataki, na labda kigumu zaidi, kwa kuwa siku ya Fataki Aimé hakuwa na muda wa kufikiri.

Baada ya faili kufungwa, alikwenda kwenye ofisi ya parokia kuomba misa. Katibu, baba mmoja anayeitwa Olivier, alifungua daftari, akauliza nia ya misa ni nini. Agathe akataja majina: Gentille, Serge, Musoki, Floribert, Aimé, na juji mwanamke ambaye jina lake hakulishika vizuri. Olivier aliandika yote upande wa marehemu, kisha akampa pole kwa msiba mkubwa namna ile, akauliza kama wote wamekufa pamoja.

"Apana, baba," Agathe alisema. "Wote iko wazima."

Olivier akafuta, akaandika upya upande wa shukrani. Misa ilikuwa Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Gentille alikuja kabla ya kwenda shuleni. Juji alikuwa ameshahamishwa mji mwingine. Wengine Agathe hakuwaambia, kwa sababu hayakuwa mambo ya kutangaza. Majina yaliposomwa, vibibi viwili vya mbele viligeuka kuona ni familia gani hiyo yenye watu kutoka kila upande. Agathe aliinamisha kichwa mpaka mwisho, kisha akatoka haraka, kwani maziwa ya asubuhi yalikuwa yanakaribia kufika.